Wiki nane ni haki ya mtoto wa mbwa

Mtu akija kwangu kuomba mtoto wa mbwa ambaye hajatimiza wiki nane, simpi. Awe jirani, awe shemeji, awe mzee wa kanisa. Wengine huondoka wamenuna, na wapo walionitangaza mtaani kwamba nina roho mbaya kwa sababu ya mbwa koko. Naandika haya kwa kuwa jambo lenyewe ni zito kuliko kununiana. Mitaa yetu imejaa mbwa waoga, mbwa wanaong'ata watoto na mbwa waliotupwa. Naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya balaa hilo huanza siku kijibwa cha mwezi mmoja kinapotiwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye bodaboda.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda, Morogoro, na nashonea nyumbani. Mbwa wangu anaitwa Tausi. Ni wa kienyeji, rangi ya mchanga, masikio yamesimama. Mwezi Juni alizaa watoto saba chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, mahali alipopachagua mwenyewe ingawa nilikuwa nimemwandalia banda zuri uani. Majike wanne, madume watatu. Sikumhamisha.

Anayedhani watoto wa mbwa hujilea hajawahi kushinda nao wiki ya kwanza. Huzaliwa hawaoni wala hawasikii. Hawawezi kujitunzia joto; sakafu ikipoa, nao wanapoa. Hata haja hawapati mpaka mama awalambe. Usiku wa Juni upepo hushuka kutoka Uluguru, na sementi ya chumba changu haina huruma. Nilitandika magunia, juu yake mabaki ya vitenge, kisha nikajaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, nikazifunga kwa taulo na kuzilaza upande mmoja tu, ili aliyezidiwa na joto apate pa kusogea. Kuna walionishauri niwaingizie jiko la mkaa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua, mbwa na binadamu, kwa hiyo ushauri huo niliukataa papo hapo.

Kila mtoto nilimvalisha shingoni kipande cha lezi cha rangi yake, kilicholegea, nikawa nakibadilisha kadiri walivyokua. Asubuhi, kabla ya kuwasha cherehani, nawapima mmoja mmoja kwenye mizani ya jikoni na kuandika gramu zao kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja. Mtoto wa mbwa mwenye afya huongezeka kila siku, na akifikisha siku 10 hivi anakuwa amekaribia mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Yule wa lezi ya njano, jike, alikwama. Ukimwangalia tu hungejua, maana alikuwa mviringo kama wenzake, lakini daftari lilisema siku mbili hajaongezeka kitu. Nikakaa chini kuwatazama wakinyonya. Ndugu zake walikuwa wanamsukuma kutoka kwenye chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi ndizo zenye maziwa mengi, naye anabaki kung'ang'ania za mbele. Basi nikawa nawatoa wale wakubwa wawili kwa muda mfupi, yeye ananyonya kwa nafasi. Akapanda. Maziwa ya ng'ombe sikumpa, kwa sababu ni mepesi mno kwake. Ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili.

Macho hufunguka katika wiki ya pili, masikio yanafuata baada ya siku chache. Hapo ndipo kazi ninayoitetea inapoanza.

Binti yangu anasomea udaktari wa mifugo hapo chuo kikuu cha SUA, na ndiye aliyenisimulia jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 1961. Watafiti waliwalea watoto wa mbwa pamoja na mama zao ndani ya uwanja wenye ua mrefu, bila kuwaruhusu wazoeane na watu. Kisha wakawa wanawatoa kwa makundi, wengine wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, tano, saba na tisa, wakae na binadamu kwa wiki moja na kurudishwa. Waliobaki bila kuguswa mpaka wiki ya 14 wakawa kama wanyama wa porini. Kuwazoeza baadaye ilikuwa kazi ngumu mno. Kumbe moyo wa mbwa kwa binadamu hufanyika mapema, kuanzia karibu wiki ya tatu, na kufikia wiki ya 12 au 14 nafasi hiyo inakuwa imepungua sana.

Sasa mtu ataniuliza: kama ndivyo, si afadhali nimchukue akiwa na wiki nne anizoee mimi? Hapana. Katika muda huo mtoto wa mbwa anahitaji walimu wa aina mbili kwa pamoja. Anahitaji watu, na anahitaji mama na ndugu zake. Ukimtoa mapema na kumfungia bandani peke yake, umemnyima wote.

Nitaeleza nilichokiona mwenyewe. Wa lezi nyekundu, dume mkubwa kuliko wote, alikuwa akicheza na yule dada yake wa njano. Meno yalikuwa yametoka tayari, na meno ya utotoni ni makali sana. Akamng'ata sikio akavuta. Dada akapiga ukelele, akaacha mchezo, akaenda kujilaza nyuma ya pedali ya cherehani. Dume akamfuata, akainamisha kifua, akatikisa mkia kumbembeleza wacheze. Dada hakumtazama. Alipokubali tena, dume alimshika sikio lile lile kwa midomo tu. Wakati mwingine alimfanyia mama yake ukatili huo huo kwenye chuchu, Tausi akamkoromea na kuinuka akaondoka. Somo hilo, la kujua uking'ata kiasi gani unaumiza na unabaki peke yako, hurudiwa mara nyingi kwa siku kati ya wiki ya nne na ya nane. Binadamu hawezi kulifundisha vizuri kama ndugu. Mbwa aliyelikosa ndiye yule anayecheza na mtoto wako na kumchana mkono.

Upande wa watu, nyumba ya fundi ina bahati. Walilala huku cherehani inanguruma juu yao. Walisikia mvua kwenye bati, sufuria zikianguka, redio, adhana ya alfajiri. Waliwaona wateja wa buibui, vijana wa bodaboda wenye helmeti, babu wa jirani na mkongojo wake, watoto wa shule wanaotaka kumbeba kila mmoja. Watoto hao niliwakalisha chini kwanza, wapakate wakiwa wamekaa, kwa zamu.

Katikati ya wiki hizo akaja kijana, amefunga nyuma ya pikipiki boksi tupu la mafuta ya kupikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Nimesikia kuna mbwa. Nataka dume, yule mweusi."

"Ana wiki tano. Akitimiza nane njoo, nitakuwekea."

"Mama, akikaa hapa sana atazoea watu, atakuwa hana kazi. Mimi nataka mkali. Namfungia ndani, nampa na pilipili, akikua hata mimi ananiogopa."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameibiwa mara mbili na ana mke na mtoto mchanga. Nilimweleza kwamba mbwa anayefungiwa gizani hawi mlinzi, anakuwa mwoga, na mbwa mwoga hachagui. Atamng'ata binti anayepeleka maji, atamng'ata mtoto mchanga atakapoanza kutambaa, na mwizi akija na panga na kipande cha nyama, hana cha kumpa. Tausi hajawahi kula pilipili, na hakuna mgeni anayevuka geti langu usiku bila mtaa mzima kujua. Anabweka kwa sababu anawajua watu wa nyumbani, kwa hiyo anamjua asiye wa nyumbani. Kijana alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaondoka na boksi lake. Hakurudi. Nilisikia amepata dume mtaa wa pili, na yule naye hakuwa amefikisha hata wiki tano.

Ndiyo maana siandiki kuhusu Tausi peke yake. Nikikataa mimi na nyumba ya pili ikatoa, sijamwokoa mbwa wala mtoto mchanga wa yule kijana. Inatakiwa iwe desturi ya sote, kama ilivyo desturi kwamba ndama haondolewi kwa mama yake siku anayozaliwa.

Najua gharama. Kuanzia wiki ya nne walianza uji wa dona na dagaa waliooshwa chumvi na kusagwa, mara nne kwa siku, na watoto saba wanakula kuliko unavyofikiri. Dawa ya minyoo walianza wakiwa na wiki mbili na kurudia kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa minyoo huwaingia tangu tumboni na kwenye maziwa ya mama, na minyoo hiyo hiyo huwadhuru watoto wetu wanaocheza kwenye mchanga. Mimi nawaomba wanaochukua wachangie dawa na chanjo. Anayesema mbwa wa kienyeji hastahili kulipiwa chochote, huwa sina haja ya kumuuliza swali la pili.

Kuhusu kichaa cha mbwa, naomba wenye mamlaka wanisikie. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na kila kampeni ya chanjo inapopita, watu huwapeleka mbwa wakubwa na kuwaacha wadogo nyumbani, wakiamini hawajafika umri. Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wote wachanjwe kwenye kampeni hizo, pamoja na walio chini ya miezi mitatu. Huku kwetu mbwa hawaishi sana na wanazaliana haraka, kwa hiyo ukiwaacha wadogo mwaka huu, umeacha sehemu kubwa ya mbwa wa mwaka kesho. Kinachotakiwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Pemba walionyesha kwamba inawezekana: ugonjwa ulirudi kisiwani mwaka 2016, wakachanja mbwa, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umetoweka tena. Basi gari la matangazo likipita Kihonda, liseme wazi: leteni na watoto.

Halafu kuna majike. Tausi alipozaa, mtu wa kwanza kuniambia la kufanya alisema, "Chagua madume, majike katupe." Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeshauri kuchambua mchele. Kati ya hao wanaotupwa kwenye mifereji na madampo hupona wachache, wakakua bila mtu, wakazaa mara mbili kwa mwaka. Jike ni mlinzi sawa na dume. Kinachomtia mtu hofu ni uzazi, na uzazi una dawa, nayo ni kufunga kizazi. Chanjo ya kampeni mara nyingi ni bure au bei ndogo, lakini operesheni bado inamshinda mtu wa kipato changu mpaka ajipange. Kama halmashauri zetu zinaweza kuleta meza na sindano chini ya mwembe, zishirikiane na madaktari wa mifugo na wanafunzi wao kuleta na huduma hiyo, hata mara moja kwa mwaka. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Iwafikie na hawa wa mitaani.

Madume watatu wameshapata kwao, na majike wawili pia. Kila mmoja aliondoka na karatasi ya tarehe za dawa na chanjo, pamoja na kipande cha kitenge alicholalia na wenzake, kwa ajili ya zile siku za kwanza za kulia usiku. Niliuliza maswali yale yale kwa wote: nani anashinda nyumbani mchana, atalala wapi, atafungwa kamba au atatembea, na ukihama utamwacha na nani.

Wamebaki majike wawili, wa lezi ya njano na wa kijani. Sasa wana wiki 10, wanakula vizuri, na chanjo ya kwanza wamepata. Tausi mwenyewe atafungwa kizazi mwezi ujao, nimeshaweka akiba. Anayewataka aje mchana, aje na mtu atakayekuwa anashinda nao, akae nao chini kwanza wamnuse. Na ajue kwamba wakikaribia miezi sita nitampigia simu kumuuliza habari za kizazi.