Mtunzi wa Nyimbo za Baridi na Ndugu Yake

Katika mji wa Vienna, nchini Austria, majira ya baridi ni marefu. Ifikapo Novemba miti husimama mitupu, mchana huwa mfupi, na baadaye theluji hufunika mapaa na njia. Miaka mia mbili iliyopita hapakuwa na umeme wala gesi majumbani. Kila nyumba ilitegemea jiko la kuni, na kuni zilinunuliwa kwa fedha. Kwa hiyo watu wa nyumba moja walikusanyika katika chumba kile chenye moto, wakala pamoja na kusoma pamoja, na wale waliojua kupiga vyombo vya muziki wakavipiga pamoja. Katika nyumba ya namna hiyo alizaliwa Franz Schubert, tarehe 31 Januari, 1797.

Baba yake, Bwana Franz Theodor Schubert, alikuwa mwalimu wa shule katika kiunga kiitwacho Himmelpfortgrund. Mapato yake yalikuwa kidogo na matumizi yalikuwa mengi. Mkewe, Elisabeth, alimzalia watoto kumi na wanne, lakini tisa kati yao walikufa wangali wadogo. Makao yao yalikuwa chumba kimoja na jiko la kupikia. Nyumba hiyo ingaliko hata leo, nayo imefanywa makumbusho. Wageni huonyeshwa lile jiko na kuambiwa kwamba humo ndimo mtoto alimozaliwa.

Shule ya kwanza ya muziki ilikuwa nyumbani. Baba alimfundisha kupiga fidla, na Ignaz, kaka yake mkubwa, akamfundisha piano. Baadaye alipelekwa kwa Bwana Michael Holzer, kiongozi wa waimbaji wa kanisa la Lichtental, ambaye alikiri kwamba kila alipotaka kumfundisha mtoto huyo jambo jipya, alikuta amekwisha kulijua.

Familia hiyo ilikuwa na desturi ya kupiga muziki wa watu wanne. Ignaz na Ferdinand walishika fidla, Franz alishika viola, yaani fidla iliyo kubwa kidogo yenye sauti nzito, na baba alipiga selo, ile kubwa ikaayo katikati ya magoti. Ferdinand alieleza baadaye kwamba Franz, ingawa alikuwa mdogo kuliko wote waliopiga, ndiye aliyekuwa na sikio kali kuliko wote. Baba alipokosea mara ya kwanza, mtoto alinyamaza. Alipokosea mara ya pili, mtoto alitabasamu na kusema kwa adabu kwamba bila shaka mahali fulani pana kosa. Na baba alikubali kusahihishwa.

Mwaka 1808 Franz alichaguliwa kuwa mwimbaji katika kanisa la mfalme, akapata nafasi katika shule ya bweni mjini. Heshima ilikuwa kubwa, lakini chakula kilikuwa kidogo. Wenzake walikumbuka kwamba chumba cha kufanyia mazoezi ya muziki hakikuwashwa moto wakati wa baridi, hata vidole vikafa ganzi. Rafiki yake mmoja, Joseph von Spaun, alimpa karatasi za kuandikia muziki, kwa maana yeye mwenyewe hakuwa na fedha za kuzinunua. Ipo barua aliyomwandikia ndugu yake mmoja mwezi wa Novemba, 1812, akimweleza kwamba kutoka chakula cha mchana kisichotosha hata chakula duni cha jioni hupita saa nane na nusu, na kwamba senti chache za kila mwezi zingemwezesha kujinunulia mkate na tofaa. Mtoto aliyekwisha anza kutunga muziki wa watu wazima alikuwa akimwomba ndugu yake mkate.

Mwaka huo huo mama yao alikuwa amefariki dunia. Baba akaoa tena, na inasemekana kwamba mama wa kambo alikuwa mwema, akimpa Franz siri kwa siri fedha kidogo za matumizi ya nyumba alizokuwa ameweka akiba. Lakini baba alikuwa na neno moja asilotaka kuliacha: mwanawe lazima awe mwalimu. Hakusema hivyo kwa kuuchukia muziki, kwa sababu yeye mwenyewe aliupenda. Aliwaza kama wazazi wengi wawazavyo. Ualimu ulikuwa na mshahara, ijapokuwa mdogo. Nyimbo hazikuwa na mshahara hata kidogo.

Franz alitii. Mwaka 1814 akawa mwalimu msaidizi katika shule ya baba yake, akiwafundisha watoto wadogo kusoma na kuandika. Kazi hiyo haikumpendeza, wala haikumzuia kutunga. Katika mwaka 1815 peke yake alitunga nyimbo zaidi ya 140, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Mwaka 1818 alikwenda Hungaria kuwafundisha muziki binti za bwana mmoja mkubwa, na tangu hapo hakurudi tena kuwa mwalimu wa watoto.

Tangu wakati huo aliishi kwa kuuza tungo zake na kwa wema wa marafiki, akihamahama kutoka chumba cha huyu hadi chumba cha yule. Kazi ya kudumu katika muziki aliitafuta, asiipate. Jioni rafiki zake walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, yeye akakaa penye piano, wengine wakaimba. Katika maisha yake alitunga nyimbo zaidi ya 600.

Mwaka 1827, alipokuwa ameugua kwa miaka kadhaa, alikutana na mashairi ya Wilhelm Müller, Mjerumani, yasimuliayo safari ya mtu katika majira ya baridi. Mtu huyo amekataliwa na mpenzi wake, naye anaondoka usiku katika theluji. Mambo ayaonayo njiani ni ya kila siku: mbwa wanabweka, tarumbeta ya posta inalia, kunguru anamfuata, na watu wa kijiji wamelala kwa raha huku yeye akipita nje. Mwisho anamkuta mzee maskini amesimama pekupeku juu ya barafu, akizungusha kinanda chake cha mkono, na kisahani chake cha sadaka hakina kitu. Hakuna anayemsikiliza, ila mzee haachi kupiga. Schubert aliyafanya mashairi hayo kuwa nyimbo 24, zijulikanazo kwa jina la Winterreise. Katika wimbo wa mwisho mkono wa kushoto wa mpiga piano hurudia sauti zile zile tangu mwanzo hata mwisho, kama chombo cha mzee yule.

Alipowaimbia rafiki zake nyimbo hizo, walishikwa na bumbuazi kwa huzuni iliyomo. Mmoja wao, Franz von Schober, alisema kwamba ameupenda wimbo mmoja tu. Schubert alijibu kwamba yeye anazipenda hizo kuliko nyingine zote, na kwamba wao pia watakuja kuzipenda.

Tarehe 1 Septemba, 1828, alihamia nyumbani kwa Ferdinand. Ferdinand alikuwa amekuwa mwalimu kama baba yao alivyotaka, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alikuwa na nyumba ya kumpokea ndugu aliyekataa kuwa mwalimu. Nyumba ilikuwa mpya, kuta zake zilikuwa na unyevu bado, na hali ya mgonjwa ikazidi kuwa mbaya. Akiwa kitandani alisahihisha karatasi za chapa za sehemu ya pili ya zile nyimbo za baridi. Alifariki dunia tarehe 19 Novemba, 1828, mwenye umri wa miaka 31.

Wakubwa wa serikali walikuja kuandika mali yake kama sheria ilivyotaka. Waliandika makoti, suruali, viatu, godoro na mablanketi, na maandiko machache ya muziki wa zamani. Vyote pamoja vilipata thamani ya florini 63, na muziki katika hizo ulihesabiwa florini 10. Ferdinand hakukisia hivyo. Alitaka ndugu yake azikwe karibu na kaburi la Beethoven, ijapokuwa gharama ilizidi sana, na ikawa hivyo. Kisha akazichukua hati za Franz akaziweka. Nyingine aliziuza kwa wapiga chapa, na nyingi zilibaki nyumbani kwake.

Miaka kumi ilipita. Siku za mwaka mpya wa 1839 mtunzi Robert Schumann, akiwa mgeni Vienna, alimtembelea Ferdinand, naye akamwonyesha rundo la hati hizo. Humo Schumann alikuta simfoni kubwa ambayo watu hawakuwa wamepata kuisikia hadharani. Ilipelekwa Leipzig, na tarehe 21 Machi, 1839, Felix Mendelssohn aliiongoza mbele ya watu. Leo simfoni hiyo hupigwa duniani kote.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema kilichofungwa sandukuni hakiwezi kujiuza, na kama Ferdinand angewashia jiko karatasi zile katika baridi ya mwaka mmojawapo, hakuna mtu ambaye angemlaumu, kwa maana wakubwa walikwisha sema thamani yake. Mwenye ndugu atungaye nyimbo, au mashairi, au hadithi za wazee, asingoje sifa za wageni ndipo aanze kuzihifadhi. Aziweke mahali pakavu sasa, naye amsaidie kwa mkate wakati angali hai kuula.