Tusizibe Njia ya Hewa Tusiyoijua Kazi Yake

Miongoni mwa mambo yanayotendeka katika gereji zetu pasi na mjadala wowote ni kule kuziba mfumo wa hewa ya ziada katika injini za magari. Taa ya injini huwaka, fundi akaambiwa na mashine yake kuwa hewa haipiti ipasavyo, naye akakata vipande vya bati na kuziba mashimo. Kisha kompyuta ya gari hudanganywa ili taa izime, na mwenye gari akaondoka akiwa radhi. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuchunguza lugha. Hata hivyo, naamini kwamba chanzo cha kosa hili ni cha lugha kama kilivyo cha mitambo, na kwamba walimu na wanafunzi wana sehemu yao katika kulirekebisha.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya mfumo wenyewe, maadamu si kila gari linao. Injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, hupewa petroli nyingi kuliko kawaida. Sehemu ya petroli hiyo haiungui, bali hutoka pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu waliojifungia nayo chumbani. Chombo cha kusafisha moshi, ambacho mafundi wetu hukiita masega, hakiwezi kufanya kazi wakati huo kwa kuwa nacho ni baridi. Hungoja kufikia kiasi cha nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Basi pampu ndogo ya umeme hupuliza hewa safi pale moshi unapotokea kwenye silinda. Hewa hiyo huyaunguza mabaki papo hapo, na joto linalozuka huyatia masega moto mapema. Kazi hiyo huchukua dakika moja au mbili tu, kisha pampu huzima.

Masizi huingiaje? Vijia vinavyopitisha hewa hiyo ndani ya kichwa cha injini ni vyembamba, na hufungukia kwenye moshi mkali. Muda wote pampu ikiwa imezima, moshi hugonga midomo ya vijia hivyo. Injini ikiwa inakula oili, masizi huongezeka. Aidha, vali inayopaswa kuuzuia moshi usirudi nyuma ikichoka, moshi na unyevu hupenya hadi kwenye pampu, nayo ikashika kutu. Tatizo hili limejulikana sana katika injini kadhaa za V8 za Audi za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Taa huwaka na mashine ya uchunguzi hutoa alama P0411, yaani hewa inayopita si kiasi kinachotakiwa.

Hapo ndipo wenye magari, huku kwetu na ng'ambo, wanapogawanyika. Wapo wanaoziba. Wapo pia wanaobadilisha nyaya ili pampu ipulize hata injini ikiwa moto, kwa tumaini la kupeperusha masizi. Rai hii ya pili ina mantiki kuliko ya kwanza, ila nayo ina kasoro: sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi hukuta hewa nyingi, kompyuta ikadhani petroli ni chache, ikaiongeza. Petroli ya ziada huzaa masizi zaidi. Isitoshe, pampu iliyoundwa kufanya kazi kwa dakika mbili huungua ikilazimishwa kukesha. Badiliko lenye manufaa ni lile linalolenga chanzo: kuweka vali mpya kabla ile iliyochoka haijaiua pampu, kuirekebisha injini inayokula oili, na kuvisafisha vijia kwa waya na dawa ya kuyeyusha masizi.

Najua nitakalojibiwa: vipuri ni ghali, na gari hutembea vizuri bila mfumo huo. Ni kweli, hutembea. Aliyeziba haioni hasara. Huiona mtoto anayekwenda shuleni alfajiri kando ya barabara ya Limuru au Eldoret katika baridi ya Julai, wakati ambapo kila injini ndiyo kwanza inawashwa. Fauka ya hayo, kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imekomeshwa Kusini mwa Sahara, na mojawapo ya sababu ni kwamba risasi huharibu masega. Kuna faida gani kuyaokoa masega na risasi, kisha kuyanyima hewa?

Sasa nirudi kwenye uwanja wangu. Neno masega ni ushahidi kwamba mafundi hawakungoja kamati yoyote ya istilahi. Walikitazama chombo, wakaona vitundu vyake vinafanana na sega la nyuki, wakakipa jina la Kiswahili lililo sahihi kwa macho. Lakini jina hilo hutaja umbo, halitaji kazi. Maelezo ya kazi yamebaki katika vitabu vya Kiingereza, Kijerumani na Kijapani. Fundi anajua kitu kilivyo, ila hajaelezwa kipo kwa sababu gani. Na kitu kisichojulikana sababu yake ni chepesi kukiondoa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hizi mbili zinategemeana kuliko tunavyodhani. Walimu wa vyuo vya ufundi na waeleze somo la injini kwa Kiswahili pia, wala wasione haya. Walimu wa Kiswahili nao wawatume wanafunzi wao gereji wakakusanye maneno ya mafundi, kisha waandike pamoja nao maelezo mafupi ya kila chombo: kinaitwaje, kinafanya nini, na kikiondolewa nani anaumia.

Wahenga walituusia kuziba ufa ili tusijenge ukuta. Njia ya hewa si ufa.