Ndanda Haikushushwa na Umbali

Kila Ligi Kuu inapoanza bila Ndanda, utetezi ule ule unarudi mezani. Utausikia stendi ya Masasi, utausikia Newala kwenye foleni ya kupima korosho, na redioni husomwa kama taarifa ya hali ya hewa. Nimeusikiliza kwa makini hoja baada ya hoja, na sijashawishika. Sikuombi uniamini, msomaji. Keti kama hakimu, sikiliza pande zote mbili, kisha toa hukumu yako.

Yasiyobishaniwa ni machache. Ndanda ni jina la Masasi, pale penye misheni na hospitali, lakini klabu yenye jina hilo imekuwa na makao Mtwara mjini na uwanja wake wa nyumbani umekuwa Nangwanda Sijaona. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 baada ya kuongoza kundi lake Ligi Daraja la Kwanza, sambamba na Stand United na Polisi Morogoro. Ilicheza misimu sita. Mwisho wa Julai 2020 ikashuka, na mpaka leo haijarudi.

Hoja ya kwanza, inayopendwa kuliko zote, ni umbali. Niieleze kwa haki, maana ina uzito. Kuanzia msimu wa 2018/19 ligi ilikuwa na timu 20, maana yake mechi 38, na 19 kati yake ni za ugenini. Ukitoka Mtwara, ugenini ni Bukoba, Musoma, Mwanza, Shinyanga na Mbeya. Unalala njiani, unafika miguu imevimba, kesho yake unaingia uwanjani. Juu ya hayo, msimu huo wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu baada ya Vodacom kuondoka. Yote hayo ni kweli.

Ila umbali haukuanza 2020. Tarehe 20 Septemba 2014, katika mchezo wake wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu, Ndanda ilisafiri mpaka Kambarage, Shinyanga, ikaifunga Stand United 4-1. Shinyanga haijasogea tangu siku hiyo. Na kama umbali unaua timu, Kagera Sugar ya Bukoba ingezikwa mapema, maana kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300, wakati Mtwara ni kama 560. Kagera ilishuka mwaka 2025, baada ya kudumu ligi ya juu miaka na miaka.

Shahidi anayewaumiza zaidi watetezi wa umbali yuko jirani. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilipanda mwaka 2019. Ruangwa iko bara, na anayekwenda huko kutoka pwani anakunja Nanganga, hatua chache kutoka Ndanda penyewe. Mtwara ina uwanja wa ndege wenye safari za abiria. Ruangwa ina stendi. Msimu ule ule wa 2019/20 ambao Ndanda ilishuka, Namungo ilimaliza nafasi ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga ilikofungwa na Simba 2-1, kisha ikaiwakilisha nchi Kombe la Shirikisho Afrika na kufika hatua ya makundi. Kusini ni ile ile na barabara ni ile ile. Anayesema umbali sharti kwanza atueleze Namungo ilipita njia ipi.

Hoja ya pili ni korosho. Wanasema timu hii ilikuwa inakula korosho: bei ikiwa nzuri wafanyabiashara wanachangia, halmashauri zina mapato, shabiki ana nauli. Mwaka 2018 soko likavurugika. Wanunuzi walisusa minada, Novemba serikali ikaingiza jeshi kununua kwa Sh 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakaingia 2019 wakiwa bado wanasubiri malipo. Timu ikakosa damu, ikafa.

Hadithi nzuri, tatizo lake ni kalenda. Msimu wa korosho wa 2017/18 ulikuwa wa neema kuliko yote iliyotangulia: nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 na baadhi ya minada ilipita Sh 4,000 kwa kilo. Watu wa Tandahimba na Newala hawajasahau pikipiki zilizonunuliwa mwaka ule. Je, Ndanda ilitamba? La. Ilinusurika kwa tabu, na walioshuka ni Njombe Mji na Majimaji ya Songea. Msimu uliofuata, ndio ule wa vurugu za soko, wa jeshi na wa kusubiri malipo, Ndanda ilibaki tena Ligi Kuu. Ikaja kushuka 2019/20, wakati wanunuzi binafsi wamesharudi mnadani. Kwa hiyo mwaka wa neema ilikaribia kufa, mwaka wa dhiki ikapona, na mnada uliporudi ndipo ikafa. Sijui ni hesabu ya namna gani inayogeuza hayo kuwa ushahidi dhidi ya korosho.

Korosho ina funzo moja kwenye kesi hii, ila si lile wanalolitaka. Mkulima wa Newala anayeuza kupitia chama chake cha msingi (AMCOS) chini ya chama kikuu cha TANECU, au wa Masasi chini ya MAMCU, anajua makato yake mpaka shilingi ya mwisho: hili la ghala, hili la usafirishaji, hili la chama. Akiona haelewi, anasimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza, na viongozi wa AMCOS wameng'olewa kwa maswali ya namna hiyo. Sasa muulize mkulima huyo huyo: Ndanda ina wanachama wangapi wenye kadi? Mkutano mkuu ulikaa lini? Mapato ya mlangoni siku Simba walipokuja yalikuwa kiasi gani, na yalikwenda wapi? Atacheka. Mtu huyo anajua kilo yake moja imekatwa nini, lakini klabu anayoiita yake hajui hata inafunguliwa na ufunguo wa nani.

Hoja ya tatu, kwamba shirikisho la soka, TFF, lilibadili kanuni ili kuimaliza Ndanda, haihitaji muda mrefu. Msimu wa 2018/19 zilishuka moja kwa moja timu mbili, Stand United na African Lyon, na mbili zilizofuata zikaenda mchujo. Msimu uliofuata zikashuka nne moja kwa moja, kwa sababu ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20 hadi 18. Mlango ulibana, sikatai. Lakini ulizibana timu zote 20 kwa kipimo kimoja. Walioanguka na Ndanda walikuwa Singida United, Lipuli ya Iringa na Alliance ya Mwanza, na Mbao ikafuata kupitia mchujo. Njama gani hii inayoshusha timu tatu za mikoa mitatu tofauti ili tu kuificha ya Mtwara?

Hoja ya nne inawalaumu wakubwa: Simba na Yanga wamemeza soka, wadogo hawana pa kupumulia. Hapa wenzetu wana robo tatu ya ukweli. Pengo la fedha ni kubwa na la kusikitisha. Lakini tuwe wakweli kuhusu Nangwanda Sijaona yenyewe. Siku Yanga walipokuja, Coaster zilitoka Masasi alfajiri, nyingine ziliteremka kutoka Newala kupitia Tandahimba, na zilishusha watu waliovaa kijani na njano. Simba walipokuja, jukwaa lilikuwa jekundu. Wenyeji wa uwanja walionekana wageni nyumbani kwao, halafu jioni shabiki yule yule, shingoni ana skafu ya Simba, alikaa kijiweni kulalamika kwamba Ndanda haiungwi mkono. Ni nani aliyemkataza kuiunga?

Na klabu yenyewe iliwahi kuutoa uwanja wake. Mei 2016 mchezo wa nyumbani wa Ndanda dhidi ya Yanga ulihamishiwa Dar es Salaam, Ndanda ikiridhia, na siku hiyo Yanga ikakabidhiwa kombe la ubingwa mbele ya mashabiki wake. Matokeo yalikuwa 2-2. Mtu anaweza kutetea uamuzi huo kwa hesabu ya mapato, na huenda hesabu ilikuwa sahihi. Asichoweza ni kuutetea leo, na kesho alie kwamba wakubwa ndio waliompokonya Ndanda nyumba yake. Nyumba uliyoipangisha kwa hiari hukuporwa.

Kuna hoja inayosemwa zaidi Masasi kuliko Mtwara, nami naiheshimu kuliko zile nne: kwamba jina lilichukuliwa na timu ikapelekwa mjini, kwamba ingebaki kwa wenyewe isingekufa. Kutoka Masasi hadi Nangwanda ni kama kilomita 200. Shabiki wa Masasi alitakiwa apoteze siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi ili aitazame timu yenye jina la kwao. Manung'uniko hayo ni halali. Lakini Ligi Kuu haichezwi kwenye jina, inachezwa kwenye uwanja unaokidhi masharti. Ruangwa walilijua hilo, wakajenga Uwanja wa Majaliwa, na Namungo ikabaki Ruangwa. Anayedai Masasi ilidhulumiwa aonyeshe uwanja ambao Masasi iliuandaa ukakataliwa. Asipouonyesha, kesi hii haina kielelezo.

Mbona basi, watajibu, Namungo ilikuwa na mkubwa? Hii ni hoja ya mlezi. Kassim Majaliwa alikuwa Mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu tangu Novemba 2015. Nasi tungekuwa na wa kwetu, tungeruka. Sikatai kwamba mkono wa mkubwa unasaidia. Nakataa kwamba unatosha, na ushahidi uko kwenye orodha ile ile ya walioshuka Julai 2020. Singida United ilikuwa na mlezi anayejulikana nchi nzima, Mwigulu Nchemba. Ilipanda mwaka 2017 kwa kelele na usajili wa kutisha, na miaka mitatu baadaye ikawa chini kabisa. Na kama ni mkubwa, nani mkubwa kuliko Benjamin Mkapa? Mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda, Rais kwa miaka 10, na Uwanja wa Benjamin Mkapa wa leo ulijengwa kwa juhudi za serikali yake. Siku zile zile Masasi ikimwomboleza, Julai 2020, klabu yenye jina la mahali alikosomea ilikuwa inaaga Ligi Kuu. Ukubwa wa mtu haurithishwi kwa klabu.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo ndiyo yenye hatari kubwa kwa sababu inafariji: daraja la chini ni shule, timu itajipanga, italea vijana, itarudi ikiwa imara. Tuitazame shule hiyo kwa karibu. Tangu 2021/22 daraja la pili linaitwa Championship, ligi moja ya timu 16 kutoka kila pembe ya nchi, mechi 30. Basi linakwenda mbali vile vile na wachezaji wanakula vile vile. Kinachopungua ni mapato, maana Simba na Yanga hawaji tena Mtwara kukujazia jukwaa. Na tazama muda wenyewe: Mei 2021, chini ya mwaka mmoja baada ya Ndanda kushuka, Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6, na baadaye mwaka huo NBC ikaingia kama mdhamini mkuu. Fedha ambazo Ndanda iliziota kwa misimu sita zilifika yenyewe ikiwa imeshatoka.

Nani basi hurudi? JKT Tanzania ilishuka 2021 ikarudi 2023. Mbeya City ilishuka 2023 ikarudi 2025. Mtibwa Sugar ilishuka 2024 na haikukaa chini zaidi ya msimu mmoja. Nyuma yao kuna jeshi, halmashauri ya jiji na kiwanda cha sukari. Mtetezi ataruka hapa: unaona, klabu ya wananchi haiwezi! Asubiri kidogo. Coastal Union ya Tanga, klabu ya wanachama tangu 1948, ilishuka 2016 ikarudi 2018. Kwa hiyo inawezekana kurudi bila jeshi wala kiwanda, ilimradi klabu ina wenyewe wanaojulikana kwa majina. Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa, Masasi na Newala zikiwa na mbili kila moja. Hata moja ingeamua kufuata njia ya Mbeya, au zote tisa zikaelewana, jambo lingekuwa na mwenyewe. Badala yake tumekuwa na timu ambayo ikishinda ni ya kila mtu, na ikidaiwa haina baba.

Timu tano zilizoshuka mwaka ule, Singida United, Lipuli, Alliance, Mbao na Ndanda, hakuna hata moja iliyorudi Ligi Kuu kwa jina lake. Hiyo ndiyo ripoti ya shule tunayoambiwa tuisubiri. Kwa hiyo, ndugu wa Masasi na Newala, atakayekuja kwenye mkutano wenu wa AMCOS kuomba mchango wa kuirudisha Ndanda, msimfukuze. Mwambieni kwanza aweke mezani daftari la wanachama na hesabu za msimu uliopita. Akivileta, changieni.