Chuo cha Kijamii Kipimwe kwa Wote Kinaowapokea

Mwanafunzi anasoma mwaka mmoja katika chuo cha kijamii nchini Marekani, kisha anahamia chuo kikuu kabla ya kutunukiwa stashahada. Baadaye anapata shahada. Je, chuo alikoanzia kimefaulu? Kwa kipimo kinachotajwa zaidi, hapana: mwanafunzi huyo hahesabiwi miongoni mwa wahitimu wake.

Kipimo hicho kimetokana na sheria ya mwaka 1990. Huwafuata wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma kwa muda wote, kisha huuliza wangapi wamekamilisha masomo ya miaka miwili ndani ya miaka mitatu. Lakini wanafunzi wengi wa vyuo hivi huchukua masomo machache kila muhula, huku wakifanya kazi au wakilea watoto. Wengine wanarudi darasani baada ya kuacha masomo miaka mingi. Wote hao walikuwa nje ya hesabu hadi mwaka wa masomo 2015/16, serikali ilipoanza kukusanya pia takwimu zao na kuwafuatilia kwa miaka minane. Hata hivyo, katika mijadala mingi asilimia ile ya zamani ndiyo inayotangulia.

Kwa hiyo vyuo vina haki ya kulalamika. Hupokea karibu kila anayebisha hodi, halafu hulinganishwa na vyuo vikuu vinavyochagua wanafunzi bora.

Hata hivyo, malalamiko ya haki yanaweza kugeuka kichaka cha kujifichia. Ni rahisi kusema wanafunzi hawamalizi kwa sababu ni maskini. Jiji la New York limeonyesha kwamba hiyo si hoja. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji kilianzisha mpango wa ASAP katika vyuo vyake vya kijamii: mwanafunzi anasoma kwa muda wote, anafidiwa ada iliyobaki, anasaidiwa vitabu na nauli, na ana mshauri asiyelemewa na mamia ya wanafunzi. Watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi wa kipato cha chini ambao pia walihitaji masomo ya kujiimarisha. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao waliokuwa nje ya mpango. Wanafunzi walikuwa wa aina moja. Huduma ndiyo iliyotofautiana.

Fedha nazo zimeanza kufuata vipimo. Mwaka 2023 Texas ilipitisha sheria inayogawa sehemu kubwa ya ruzuku kwa matokeo: vyeti vyenye thamani katika soko la ajira na wanafunzi waliohamia vyuo vikuu. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi maskini, aliyeingia na alama hafifu, au mwenye umri wa miaka 25 na zaidi huongezewa uzito. Bila kinga hiyo, chuo kingeona faida katika kuwakwepa watu ambao kilianzishwa kwa ajili yao.

Asilimia ya wahitimu isifutwe. Isomwe pamoja na idadi ya waliohamia na kumaliza kwingine, na kipato cha waliosomea kazi, huku kila kundi likitajwa kivyake. Chuo kikishindwa baada ya hapo, kiwajibike. Na wabunge wanaotaka matokeo kama ya New York wakubali kulipia huduma zilizoyaleta.