Daftari la Wiki: Wanyama Wanatudai

NOTI

Fungua pochi uone nani ana thamani gani nchini. Mwalimu Nyerere yuko kwenye noti ya shilingi 1,000. Simba kampita, yeye yuko kwenye 2,000. Faru 5,000. Tembo, kama ilivyo porini, hana wa kushindana naye: 10,000. Kwenye sarafu ya 500 Mzee Karume amegawana nafasi na nyati, kila mmoja na upande wake. Kwa hesabu za Benki Kuu, basi, tembo mmoja ni sawa na Baba wa Taifa kumi.

Sidhani Mwalimu angekasirika. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, alitoa tamko Arusha (si lile Azimio la 1967) akiahidi kwamba serikali ya Tanganyika itawatunza wanyamapori kama dhamana ya vizazi vijavyo. Kilichokuja baadaye kingemkera zaidi. Kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 hadi 43,000 hivi. Yaani kipindi chote hicho jangili alikuwa akilipwa kwa picha ya mnyama aliyemuua.

NEMBO

Tukiwa bado kwenye picha za serikali, itazame Nembo ya Taifa iliyotundikwa ukutani katika kila ofisi. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, na kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Mgeni akituuliza kwa nini nchi inayofunga watu kwa kukutwa na pembe imeziweka kwenye nembo yake, sijui wangapi kati yetu tungekuwa na jibu la haraka. Langu ni hili: pembe ile ni ushahidi. Nchi hii, hasa upande wetu huu wa magharibi, Tabora, ilijulikana duniani kwa pembe kabla haijajulikana kwa jina lake.

Kuhusu mchoraji, mwaka 2017 taifa lilishtuka kumwona kwenye televisheni Mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyetajwa kuwa ndiye aliyeichora nembo hiyo. Alikuwa mgonjwa na fukara, akiishi Buguruni, Dar es Salaam. Alipelekwa hospitali, na hakuchukua muda akafariki. Wapo wanaosema kazi ile ilikuwa ya mkono mwingine, na ubishi huo wenyewe ni aibu. Picha inayochapwa kwenye kila waraka wa serikali, na jina la aliyeichora tunalibishania juu ya kaburi.

MABEGANI MWA WANYAMWEZI

Barabara ya kutoka Kipalapala kwenda Tabora mjini inapita katika nchi ambayo karne ya 19 ilikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Pale Kwihara, tembe walimokaa Livingstone na Stanley limegeuzwa makumbusho, na tangu 2006 njia yote hii imo kwenye orodha ya awali ambayo Tanzania imeiwasilisha UNESCO. Mgeni akifika husimuliwa habari za Livingstone. Kwangu mimi, anayestahili chumba kizima ni mpagazi wa Kinyamwezi pamoja na mzigo wake.

Mzigo huo mara nyingi ulikuwa pembe. Frasila mbili, kama kilo 32, mtu mmoja alizibeba begani hadi pwani, na pembe kubwa zaidi ilifungwa kwenye mti ikabebwa na wawili. Kutoka Bagamoyo zilivushwa hadi Unguja, na kutoka Unguja meli za Kimarekani zilizipeleka hadi Connecticut, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vilizichana kuwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye vibao vya piano. Wale waliokuwa wakijifunza nyimbo sebuleni mwao huko Boston na London waliweka vidole juu ya tembo wa bara hili bila kujua jina la hata kijiji kimoja alikopitishwa.

Nasi Waswahili tusijitoe. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkazi wa Tabora, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu hicho ni miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari katika lugha yetu. Ni kitabu cha pembe, bei, vita na safari. Kwa hiyo piano ya Mzungu na nathari ya Mswahili vyote vilipanda juu ya mgongo wa mnyama mmoja. Sanaa ina deni la siku nyingi kwa tembo, na mjadala wowote wa wasanii na uhifadhi ungeanzia hapo.

WACHORAJI WA NYOKA

Watu hudhani kwamba kuchora wanyama ukutani kulianza na mabango ya hoteli. Mwaka 1953 ilitoka London kazi ya Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni Tanganyika, kuhusu michoro ya ukutani ya waganga wa nyoka. Wachoraji hao walikuwa wa chama cha Bayeye, kinachojulikana Usukumani na huku Unyamwezini. Walichora ndani ya nyumba zao za jando la uganga, mbali na macho ya watu wasiohusika. Hapakuwa na mnunuzi wala maonyesho. Picha ilikuwa darasa.

Mwanachama alifundishwa kumjua nyoka, tabia yake, sumu yake na dawa yake. Alichanjwa. Kisha akatoka uwanjani na ngoma, chatu shingoni, watu wakapiga vigelegele kwa mbali. Aliyeumwa na nyoka kijijini alijua pa kukimbilia. Huko Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement bado yanaeleza vyama hivi, na sherehe za Bulabo za kila mwaka bado huvuta wachezaji wa vyama shindani vya Bagika na Bagalu pamoja na wanyama wao.

Siwafanyi Bayeye kuwa malaika wa uhifadhi. Chatu hachagui kucheza ngoma, na leo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayefuga mnyama wa porini. Ila wana jambo moja ambalo wasanii wengi wa sasa hatuna: hawakuchora mnyama wasiyemjua. Nyoka waliyemchora walikuwa wamemshika.

MBAO ZA MZEE TINGATINGA

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya kazi za kubahatisha. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vibao vya mraba kwa rangi ya kupakia baiskeli, rangi ile inayong'aa. Mke wake alikuwa akiziuza picha karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay. Kibao kimoja, mnyama mmoja: chui, nyati au ndege, macho yamekodoka, madoadoa yamepangwa kwa subira. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa akiwa amechora kwa miaka kama minne tu. Ndugu na wanafunzi wake, akina Ajaba, Linda, Mpata, Tedo na Amonde, ndio walioifanya kazi ya mtu mmoja kuwa mtindo wenye jina lake. Mwaka 2010 mtindo huo ulifika hadi kwenye katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC.

Ninachokipenda kwa Mzee Tingatinga ni kwamba chui wake hakutoka kwenye kitabu cha watalii. Alitoka Tunduru, alitoka kwenye ngano na kwenye hofu ya usiku ya mtoto wa kusini. Leo ukiingia duka lolote la picha utamkuta simba, nyuma yake Kilimanjaro, pembeni Mmasai na mkuki. Picha inauzwa, sawa. Lakini aliyeichora huenda hajawahi kumwona yeyote kati ya hao watatu.

Juzi mjini Tabora nilimkuta kijana akipaka rangi ubavuni mwa bajaji. Simba, bila shaka. Nikamuuliza mbona asichore palahala, mnyama wa mapori yetu, mwenye pembe zilizopinda nyuma kama upanga. Akacheka. "Mzee wangu, mteja analipia simba. Palahala nitamweleza nani?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa na haki. Asiyejulikana hachorwi, na asiyechorwa hajulikani.

MZUNGU ALIYEKATALIWA

Mwaka 1949 kijana wa Kiingereza, David Shepherd, alikwenda Kenya akitaka kuwa askari wa wanyamapori. Walimwambia hafai. Akaishia mapokezi ya hoteli huko pwani, Malindi, akichora ndege na kuuza picha hizo ili apate nauli ya kurudi kwao. Miaka kumi na kitu baadaye alirudi Afrika Mashariki akiwa mchoraji, na katika Tanganyika ya wakati huo akakuta pundamilia 255 wamekufa kando ya dimbwi lililotiwa sumu. Alisema siku zote kwamba hapo ndipo alipogeuka.

Kugeuka kwake hakukuwa kwa maneno. Picha moja ya chui milia, ya mwaka 1973, ilikusanya zaidi ya pauni 127,000 kwa ajili ya kuwaokoa wanyama hao India. Nyingine alizipiga mnada ili Zambia ipate helikopta ya kupambana na majangili, na Rais Kaunda akamshukuru kwa kumzawadia garimoshi la mvuke, maana mtu huyo alipenda treni kama alivyopenda tembo. Mwaka 1984 alianzisha mfuko wa uhifadhi uliobaki baada ya kifo chake mwaka 2017.

Utasema Shepherd alikuwa na soko la London, na msanii wa Tabora ana soko la Jumamosi. Kweli. Lakini kiasi si hoja hapa. Hoja ni kwamba alimhesabu mnyama kama mtu aliyemkopesha. Tembo alimpa jina na riziki, naye akarudisha. Namna hiyo hiyo marehemu Sebastian Chuwa, kule Kilimanjaro, alitumia maisha yake kupanda mpingo, mti ambao wachonga vinyago wanaukata na viwanda vya ala za muziki Ulaya vinautamani. Mchonga kinyago asiyepanda mpingo anaikata kazi ya mjukuu wake.

NTA, ASALI NA MABANI

Mhifadhi mkubwa wa misitu ya Tabora ana mabawa manne na hajawahi kuhudhuria semina. Nyuki anahitaji miombo ichanue, na mrina asali anayeishi kwa asali ana sababu ya mfukoni ya kuulinda msitu. Hata sanaa inamhitaji: nta yake huingia kwenye batiki, ikizuia rangi pale fundi anapotaka shingo ya twiga ibaki nyeupe.

Upande wa pili kuna tumbaku. Mkoa huu unaishi kwa tumbaku, nami sitamtukana mkulima anayesomesha watoto kwa jani hilo. Ila tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na mabani ya kuikaushia hayashibi. Ukitoka Kipalapala kuelekea Msitu wa Urumwa, baiskeli za kuni na mkaa zitakueleza mwelekeo wa mambo kuliko ripoti yoyote. Na tusiwasahau warina wanaobandua magome ya miti mizima kutengenezea mizinga. Mzinga wa ubao una gharama, lakini mti ukibanduliwa gome haurudi.

OMBI LANGU

Mwaka 2019 eneo la Mto Ugalla, hapa hapa mkoani na kuendelea hadi Katavi, lilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kiangazi mto ukikauka na kubaki madimbwi, viboko hurundikana humo na mamba pembeni. Kuna palahala na korongo (yule swala, si ndege), na kwenye majani ya kinamasi kuna nzohe, swala wa majini. Kaskazini zaidi, katika ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, anaishi korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo kama kiatu. Hawa ndio majirani zetu. Nenda shule yoyote ya msingi ya hapa, waambie watoto wachore mnyamapori: utaletewa simba na twiga wa Serengeti.

Kipalapala ilikuwa na kiwanda cha uchapaji, T.M.P., ambacho kwa miaka mingi kilisambaza vitabu vya Kiswahili kote nchini. Hatukosi mazoea ya kutoa kitu huku bara kikasomwa pwani. Kwa hiyo nawaomba walimu wa Tabora, Sikonge, Urambo na Kaliua: mwaka huu mashindano ya uchoraji yawe ya wanyama wa Ugalla, na watoto wapelekwe kuwaona kwanza, hata kama ni darasa moja tu kwa gari la kuazima. Hifadhi nayo inunue picha tatu nne izitundike langoni badala ya mabango yaliyochapwa Arusha.

Nawe msomaji unayenunua picha ya mnyama, muulize mchoraji jina lake, uliandike nyuma ya picha, na ulipe bei aliyoitaja.