Dubwana Lisilo na Kabila

UKINGONI MWA SHARI
Safu ya kila wiki ya Pascal Amuri, Bunia

Sehemu kubwa ya uraniamu iliyoingia katika bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Wachimbaji Wakongo waliichambua kwa mikono na kuijaza kwenye magunia, kisha kampuni ya Union Minière ikaiuza Marekani. Naanza na habari hiyo kwa sababu kila nikizitetea filamu za madubwana hapa Bunia, naulizwa: hayo mambo ya Wajapani na Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuanzia shinani. Godzilla alizaliwa na bomu, na bomu lile lilikuwa na udongo wetu ndani yake.

Kinachowashangaza wengi ni umri wa filamu zenyewe. King Kong ilitoka mwaka 1933, Godzilla ya kwanza mwaka 1954. Picha ni nyeusi na nyeupe. Kong ni kidoli cha sentimita kama 45 kilichovishwa manyoya ya sungura. Godzilla ni mtu ndani ya vazi zito la mpira. Hata hivyo wapenzi wao hawaishi. Baba anamrithisha mtoto, mtoto anamrithisha mjukuu, na Godzilla peke yake amekwisha kutengenezewa filamu zaidi ya 30. Jibu la haraka ni kwamba binadamu hupenda kuona majengo yakibomoka. Silikubali. Sisi wa Ituri tumeona nyumba za kweli zikiteketea. Hatuna haja ya kulipa franka zetu kwenye chumba cha video ili tuonyeshwe nyingine.

Tuitazame ile ya 1954 kama ilivyo. Tarehe 1 Machi mwaka huo, Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa mbali na eneo lililokatazwa, lakini majivu yenye sumu yaliwanyeshea mabaharia wake wote 23. Mwendesha redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba. Filamu ikatoka tarehe 3 Novemba, na inaanza na mabaharia kwenye sitaha, mwanga mkali unapasuka juu ya maji, mashua inazama. Hapakuwa na mtazamaji Japani aliyehitaji kuelezwa.

Mwongozaji wake, Ishirō Honda, alikuwa askari aliyepitia Hiroshima iliyokuwa majivu wakati akirudi nyumbani kutoka vitani. Ndiyo maana kamera yake haikimbii mbio kama kamera za filamu za leo. Inasimama hospitalini, kwenye ujia uliojaa majeruhi waliolazwa chini. Mtoto anapimwa mionzi, na mpimaji anatikisa kichwa. Kabla ya hapo kuna mama aliyechuchumaa ukutani huku mji ukiwaka, amewakumbatia watoto wake, anawaambia kwamba bado kidogo tu wataungana na baba yao. Tunaelewa baba alikufa wapi. Tokyo yenyewe ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu ya ndege Machi 1945, miaka tisa tu nyuma. Waliokaa kwenye viti vya sinema walikuwa wanatazama maisha yao wenyewe, ila safari hii walipewa ruhusa ya kulia mbele za watu.

Hapo ndipo ninapoona siri ya filamu hizi. Zinaipa hofu mwili.

Yetu hapa Bunia haikuwa na mwili. Mwezi Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, wanamgambo waligombania mji huu mtaa kwa mtaa, na mamia ya raia waliuawa, kisha kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kikawasili Juni. Waliokuwapo wanajua kwamba risasi zilikuwa nusu ya mateso. Nusu nyingine ilikuwa kutojua. Nani anakuja, kutoka upande gani, anamtafuta nani? Mtu alitazamwa sura, akasikilizwa lafudhi, akaulizwa jina la baba yake. Kila kartiye ilikuwa na habari yake, na habari ya kartiye moja ilikuwa uongo katika kartiye ya pili. Hata leo, chini ya utawala wa kijeshi uliowekwa Ituri na Kivu Kaskazini tangu Mei 2021, kijiji kikivamiwa Djugu au Irumu tunaletewa vipande vipande kwa simu, na kabla jua halijazama kuna masimulizi mawili yasiyokutana, kila moja na kabila lake la kulaumu.

Godzilla ana urefu wa mita 50. Nyayo zake husikika kabla hajatokea. Akiinua kichwa nyuma ya kilima, mji mzima unamwona wakati mmoja, na hakuna anayeweza kusema ni mtu wa fulani. Hana ukoo. Haulizi jina la baba. Tajiri na muuza samaki wanakimbia njia moja, na mtoto aliyeanguka anaokotwa na aliye karibu, yeyote awaye. Nimewaona vijana wa kartiye ya Mudzipela na vijana wa kartiye ya Lumumba wamekaa benchi moja gizani, wakipiga ukelele mmoja kwa kitu kimoja. Sisemi filamu italeta amani. Nasema kwamba watu waliogawanywa na hofu kwa muda mrefu wanapata pumziko la kweli wakiona, hata kwa saa moja na nusu, hofu isiyowagawanya.

Wapo wanaosema filamu hizi zinadumu kwa sababu ya teknolojia. Mimi naamini kinyume chake: zile za zamani zinadumu kwa sababu unaiona kazi ya mikono. Eiji Tsuburaya, fundi wa Godzilla, alikuwa ameipenda sana King Kong na alitaka dubwana lake lisogezwe picha baada ya picha kama alivyofanya Willis O'Brien wa Marekani. Muda haukumruhusu. Basi akamvalisha Haruo Nakajima vazi la kilo karibu 100, akajenga Tokyo ndogo, akamwambia aikanyage. Nakajima alikwenda bustani ya wanyama kusoma mwendo wa tembo na dubu. Alizimia kwa joto, akaamka, akarudi ndani ya vazi, na akaendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1972. Ule mlio unaotambulika dunia nzima ulibuniwa na mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, kwa kusugua glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo kwenye nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa ya besi. Mtoto wa miaka saba anajua kabisa kwamba ndani mna mtu. Anaogopa vilevile. Kukubali huko, kwamba najua na bado nafuata, ndiko kunakomfanya mtazamaji awe mshirika wa hadithi, kama ilivyokuwa kwa bibi aliyegeuza sauti yake kuwa ya zimwi mbele ya wajukuu waliomjua vizuri.

Na sisi Afrika Mashariki tumeongeza fundi wetu mwenyewe juu ya kazi hiyo: mtafsiri. Lufufu wa Dar es Salaam alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka watu wakanunua kanda kwa jina lake kuliko jina la mwigizaji. DJ Afro wa Kenya anaifanya kazi hiyohiyo, na Waganda wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiluganda. Mtafsiri hodari haongei tu maneno ya midomo. Anaomboleza, anaonya, anampa shujaa jina la mtaani, anamgombeza askari anayepiga risasi zisizoingia. Dubwana likipita mikononi mwa mtu kama huyo linakuwa jirani. Wasomi wetu wanaodharau vyumba vya video waende wakasikilize.

Nina lalamiko langu pia, na nitalisema kwa sababu nazipenda filamu hizi. Merian Cooper, aliyemwumba Kong, alisoma utotoni kitabu cha Paul Du Chaillu kuhusu sokwe wakubwa wa Gabon, kilichochapishwa mwaka 1861 na kuwachora kama mashetani wa msituni. Kutoka hapo hadi filamu ya Congo ya mwaka 1995, inayoweka kwenye misitu ya upande wetu jamii ya sokwe wauaji wanaolinda mji uliopotea, ni mstari mmoja ulionyooka. Gorila wa kweli wa nyanda za mashariki, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo, hula majani, mashina na matunda, naye yuko hatarini kutoweka kwa sababu ya bunduki za watu. Okapi wetu wa msitu wa Ituri, aliyejulikana na Wambuti miaka yote, wanasayansi wa Ulaya hawakumpa jina hadi mwaka 1901. Ni mnyama mpole anayejificha. Mwaka 2012 waasi walivamia kituo cha Epulu wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Katika misitu hii, mnyama ndiye mwenye sababu ya kuogopa.

Lakini hata King Kong, pamoja na uongo wake, ina ukweli unaoiokoa. Hakuna anayefurahi Kong anapoanguka kutoka juu ya lile ghorofa la New York. Alikuwa kwao, akafungwa minyororo, akaletwa mjini kuonyeshwa kwa wanaolipa kiingilio. Watazamaji wa 1933, baadhi yao wakiwa wamepoteza kazi katika mdororo wa uchumi, walimlilia, na wa leo wanamlilia. Dubwana lisiloonewa huruma halidumu. Filamu za madubwana yasiyo na huzuni zimetengenezwa nyingi, na zimesahaulika.

Jambo hili wazee wetu walilijua. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, alioukariri Shé-Karisi Candi Rureke mwaka 1956 na ukachapishwa mwaka 1969. Ndani yake mna Kirimu, dubwana la msituni lenye vichwa saba, pembe saba na tumbo kubwa mno, linalowameza wawindaji wa Mwindo. Mwindo analiua, na watu wanatoka hai. Msimulizi wa kawaida angeishia hapo kwa shangwe. Rureke haishii. Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, naye Nkuba anamchukua Mwindo mbinguni, anamweka mwaka mzima katika baridi na jua kali, anamfundisha kwamba hana ruhusa ya kuua wanyama ovyo. Shujaa anarudi chini amenyenyekea. Namwona Honda na Rureke kama watu wa fani moja: Mjapani alitoa filamu yake miaka miwili kabla ya Mnyanga kuukariri utenzi wake, hakuna aliyemsikia mwenzake, na wote wawili wanauliza nani atalipa kwa kifo cha dubwana.

Pwani nako wana Nunda mla watu, katika ngano ya Sultani Majinuni iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Nunda alianza kama paka wa nyumba ya sultani. Alipokula ndama, watu walikwenda kushtaki, na sultani akawaambia wamwache, kwa kuwa paka na ndama wote ni mali yake. Akala mbuzi, jibu likawa lilelile. Akala ng'ombe, akala punda, akaanza kula watu. Sultani aliona hatari siku paka alipowaua wanawe. Wasomaji wa Ituri mmewahi kuona vikundi vya vijana vikipewa silaha na wakubwa waliosema ni watoto wetu hawa, waacheni. Sina haja ya kufafanua zaidi.

Kwa hiyo wenye vyumba vya video wa Bunia nawaomba jambo moja. Tafuteni Godzilla ya 1954, na siku hiyohiyo onyesheni Godzilla Minus One ya mwaka 2023, ya mwongozaji Takashi Yamazaki. Ilitengenezwa na wasanii wa picha wapatao 35 tu, kwa fedha ambazo Hollywood ni za mwanzo wa kazi, na Machi 2024 ikaipa Japani Oscar ya athari maalumu za picha. Dubwana linaikuta nchi iliyoshindwa vita mwaka 1945, haina jeshi. Wamarekani wanakataa kutuma lao kwa kuogopa Wasovieti, na serikali ya Tokyo inaficha habari. Wanaojitokeza ni raia: mabaharia walioachishwa kazi, mafundi, wenye mashua za kuvuta meli. Mwanasayansi Noda, anayepanga kazi, anawaambia kwamba nchi yao imezichezea roho za watu kwa muda mrefu mno, ilirusha marubani katika ndege zisizo na kiti cha kujiokolea, na safari hii mpango wake ni kwamba asife hata mmoja.

Mtafsiri atakayepewa kazi hiyo aiendee polepole sehemu ya mkutano. Wanaume wale wanaambiwa kwamba hakuna amri, mwenye familia aende nyumbani, hatalaumiwa. Baadhi wanasimama na kuondoka kweli, na filamu haiwadharau. Waliobaki wanaichukua kazi kwa hiari yao.