Maswali yale yale: ya kututoza au ya kututibu?

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, Mkenya asiye na mshahara wa mwezi amejikuta akiulizwa maswali ambayo hakuyazoea. Nyumba yako ni ya aina gani? Choo je? Maji mwayapata wapi? Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mvuvi, mama wa mahamri na kijana wa bodaboda hukadiriwa kwa majibu ya maswali hayo, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi.

Malalamiko mengi yamekuwa juu ya ada yenyewe. Kuna swali jingine ambalo halijaulizwa vya kutosha: kwa nini hali ya maisha ya mtu iandikwe wakati wa kumtoza, kisha isahaulike wakati wa kumtibu?

Kazi ya Nancy Adler, mwanasaikolojia wa afya wa Marekani aliyefariki Januari 2024, yatusaidia hapa. Saikolojia ya afya huchunguza jinsi fikra, hofu na mazingira ya mtu yanavyogusa mwili wake. Adler alipata shahada ya uzamifu Harvard mwaka 1973, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Alianza kwa kuchunguza maamuzi ya wanawake kuhusu uzazi, kisha akageukia jambo lililompa jina: kwa nini afya hugawanyika kwa tabaka.

Wengi walidhani jibu ni jepesi: fukara huugua, na akishavuka mstari wa umaskini amesalimika. Katika makala ya mwaka 1994, Adler na wenzake walikusanya ushahidi kwamba mstari huo haupo. Mfano mmoja ulitoka London, ambako watumishi wa serikali zaidi ya 17,000 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1967. Wote walikuwa na kazi, na nchi yao ilikuwa na matibabu ya umma. Hata hivyo, kila cheo kilikuwa na vifo vingi kuliko cheo kilicho juu yake. Maradhi hufuata ngazi, kipandio kwa kipandio.

Mwaka 2000 Adler na wenzake wakatumia mchoro wa ngazi yenye vipandio kumi. Juu wako wenye pesa, elimu na kazi za kuheshimiwa. Chini wako wasio navyo. Mtu huulizwa aweke alama pale anapojiona amesimama. Katika wanawake 157 wenye afya njema, waliojiweka chini walikuwa na msongo zaidi na usingizi wa taabu. Mtu atasema mwenye huzuni hujishusha tu. Watafiti walilizingatia hilo katika hesabu zao, na uhusiano haukutoweka. Ni kweli kundi lilikuwa dogo, na uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo. Lakini swali lenyewe limetumika katika tafiti nyingi tangu hapo.

Adler hakuishia kwenye makala. Mwaka 2014 alikuwa mwenyekiti mwenza wa kamati ya kitaifa nchini mwake iliyopendekeza faili la mgonjwa liwe na zaidi ya presha na uzito: elimu yake, kubanwa kwake na pesa, msongo, upweke, na kama anapigwa nyumbani.

Sasa turudi kwetu. Mgonjwa wa presha hurudi kliniki vipimo vikiwa juu vile vile, akakaripiwa kuwa hamezi dawa. Je, alikuwa na nauli ya kuzifuata? Alizigawa nusu ili zifike mwisho wa mwezi? Analala akiwaza kodi ya nyumba? Bila majibu hayo daktari huongeza dawa ambayo mgonjwa hana uwezo wa kuinunua.

Wauguzi watasema foleni ni ndefu, na kumuuliza mtu shida usiyoweza kuitatua ni kumtonesha kidonda. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Maswali mawili matatu zaidi yako ndani ya uwezo wao, mradi siri ya mtu ilindwe na majibu yasigeuzwe kuwa njia ya kumpandishia ada. Zahanati ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, kwa hivyo magavana wetu wa Pwani hawana haja ya kungoja Nairobi. Majibu yakijumlishwa mtaa kwa mtaa, yataonyesha dawa zipelekwe wapi na kliniki tembezi ipite wapi.

Serikali imeshaonyesha kuwa inaweza kutuuliza tunaishi vipi. Tuidai iulize tena, safari hii kwa ajili ya kututibu.